Mto Tulioufukuza Wenyewe

Siku ya kuniaga, vijana wa kituo cha maji cha Mandera walinipa shuka mbili, thamosi, na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa. Halafu wakanitaka niandike kumbukumbu zangu. "Mama, andika fizuri, sisi tusome," akasema mmoja, na wenzake wakacheka, kwa sababu wanajua mkono wangu umezoea spana kuliko kalamu. Sasa nimekaa nyumbani Garissa, mgongo uko likizo, na visingizio vimeniishia. Habari za vyeo sitaziandika. Nilivyopata vinaenea kiganjani. Mshahara nao mnaujua, ndio huo huo mnaoulalamikia. Nitaandika juu ya maji, juu ya ule mji wetu wa ajabu, na juu ya watu walionivumilia.

Mimi ni Hadija, Mmunyoyaya wa kando ya Tana. Wazee wetu walikuwa wavuvi na wakulima wa ukingoni, kwa hiyo nilipotoka chuo cha ufundi na kuajiriwa kwenye pampu za mto, nyumbani walisema mtoto ameenda kazini bila kutoka nyumbani. Siku ya kwanza nilivaa buibui jipya. Aliyenipokea ni Fundi Komora, Mpokomo mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, msimamizi wa pampu zote. Aliniangalia toka juu mpaka chini, akanyoosha kidole kwenye shafti iliyokuwa inazunguka. "Hii ikishika nguo yako itakuvuta wewe kabla haijavuta maji. Nenda nyumbani." Nililia njia nzima nikijua nimefukuzwa. Mama ndiye aliyenielewesha kwamba nimeambiwa nibadilishe nguo tu. Kesho yake nilirudi na suruali ya kaka yangu, kanzu niliyoikata magotini, na mtandio uliobanwa kwa pini kila upande. Komora akanipa spana.

Mengi ninayoyajua yalitoka kwake. Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa pampu na sikio kwenye mpini, nisikie beringi: iliyo nzima inavuma, inayokufa inasaga kama mtu anayetafuna wali wenye changarawe. Alinifundisha kukata gaskiti za kuzibia viungo kwa tyubu ya lori, kuyeyusha shabu kwenye pipa ili matope ya Tana yazame chini, na kunusa klorini kabla ya kuamini kipimo. Alinifundisha pia kwamba kiboko akiingia kwenye kidimbwi cha pampu, kazi inasimama mpaka atakapochoka yeye. Miaka yote hiyo hakunituma kupika chai hata mara moja. Aliipika mwenyewe, ilikuwa chai mbaya sana, na niliinywa kwa heshima. Mungu amlaze pema.

Mandera nilienda kwa mapenzi, si kwa kazi. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, alihamishiwa huko, nami nikaomba uhamisho nimfuate. Afisa aliyeshughulikia ombi langu alinitazama kama mgonjwa. Wengine walikuwa wanaomba kutoka kule, na mimi naomba kuingia! Tulipita Wajir, tukapita El Wak, tukafika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Kituoni alinipokea Issack, mwendeshaji wa pampu, kijana wa Mandera aliyezaliwa karibu sana na mto hivi kwamba anasema alijifunza kuogelea kabla ya kutambaa. "Abaayo, karibu," aliniambia, yaani dada. "Hii bambu yetu iko kichwa ngumu, lakini yeye anaogopa mgeni. Labda atasikia wewe." Pampu ilinisikia, na tangu siku hiyo mji mzima ukaniita Mama Bambu. Nilijaribu kuwasahihisha kwa wiki moja, nikaacha.

Sasa niwaeleze mji, kwa ajili ya wale watakaopangiwa kazi huko na kulia kama nilivyolia mimi. Kwenye ramani Mandera imebanwa kwenye pembe ya mwisho kabisa ya Kenya, na mtu anadhani ndio mwisho wa dunia. Ramani inadanganya. Mandera iko katikati. Upande wa kaskazini kuna mto Daua, na ng'ambo yake ni Suftu, Ethiopia. Upande wa mashariki hakuna mto wala mlima. Kuna uwanda mtupu, uzio, kibanda cha askari, na nyuma ya kibanda ni Bula Hawa, Somalia. Ukipanda juu ya tangi letu unaiona miji yote mitatu kwa mara moja, mabati na minara, na kama hujaambiwa huwezi kujua mmoja umeishia wapi. Adhana ya alfajiri inaanzia nchi moja na kumalizikia nchi nyingine.

Pasta na sukari zinatoka Bula Hawa, vitunguu na buni zinatoka Suftu, na hospitali kubwa iko kwetu. Mtu anaweza kuwa na mama Suftu, mke Mandera na duka Bula Hawa, na asione kama ana jambo la kueleza. Laini za simu watu wanazibadilisha kama viatu vya msikitini. Hata saa hazitugombanishi, maana saa mbili ya Suftu ndiyo saa mbili yetu ya Kiswahili. Kalenda yao tu ndiyo iko nyuma yetu kwa miaka. Mume wangu alipenda kusema kwamba akivuka mto anarudi ujana, nami nikamwambia abaki huko huko mpaka nywele zimwote tena.

Kwetu sisi watu wa maji, mpaka ulikuwa kitu cha kusikia redioni. Daua unatoka milima ya Ethiopia, unapita kati yetu na Suftu, unaelekea Dolo kukutana na wenzake, na huko wanakuwa mto Juba unaoingia baharini karibu na Kismayu. Sisi tunayachota maji yake yakiwa njiani. Mikokoteni ya punda ya Bula Hawa inajaza mapipa kwenye vibanda vyetu vya kuuzia maji. Wakulima wa Suftu wanaweka pampu zao ndogo ukingoni kwao, sisi kubwa kwetu, na kila mtu anajua ya mwenzake kwa mlio. Kwa hiyo mnielewe nikisema nimefanya kazi kwenye mji mmoja. Serikali ndizo zilikuwa tatu.

Kulikuwa na miaka ya hofu, ya mashambulizi, mnaijua, na wafanyakazi wengi waliotoka mbali waliondoka. Sitaisimulia. Nitasema tu kwamba mimi sikuondoka, na si kwa ushujaa. Kila asubuhi nilimkuta jirani mmoja mlangoni akijifanya anapita njia, anatembea nami mpaka kituoni, na jioni mwingine ananirudisha, naye pia akijifanya anapita njia. Hakuna aliyewahi kusema ananilinda. Nilitaka kuwashukuru wakati ule nikaona aibu, basi nawashukuru hapa.

Mtu wangu wa ng'ambo alikuwa Mzee Alio, mkulima wa Suftu. Shamba lake lilikuwa mkabala na kisima chetu cha zege, kile cha ukingoni ambamo pampu kubwa zinanyonya. Lugha ya kwetu Wamunyoyaya na lugha yake ni ndugu wa karibu, na siku ya kwanza nilipomsalimia kwa kelele juu ya maji, alisimama na jembe mkononi akauliza ni nani huyo anayeongea kama bibi yake mzaa mama. Kwa miaka tulisalimiana hivyo kila asubuhi. Nikajua ng'ombe wake wakiugua, naye akajua pampu yangu ikiugua. Msimu wa malimau alikuwa anajaza kikapu na kumpa yeyote anayevuka. Nyumba yangu haikuwahi kununua limau.

Halafu ukaja ukuta. Kulikuwa na mradi wa kuzuia mto usile ukingo wetu. Mkandarasi akaleta gabioni, yale makapu ya waya yanayojazwa mawe, akayapanga kuanzia juu ya kisima chetu mpaka chini yake, safu juu ya safu. Ukuta ulikuwa mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Tulipigwa picha mbele yake, na mimi nimo, nimesimama pembeni na spana kama bibi harusi aliyesahau maua. Mzee Alio alitazama kutoka ng'ambo siku nzima. Jioni akanipigia kelele: "Na huku kwangu?" Nikamjibu kwamba nitauliza. Niliuliza, nikaambiwa mradi unaishia katikati ya mto.

Mvua za deyr, zile za mwisho wa mwaka, zilipokuja, Daua ulishuka umebeba miti mizima. Ulifika kwenye ukuta wetu, ukagonga, ukageuka, ukaenda kwa Mzee Alio. Tulisimama juu ya mawe yetu makavu tukiona migomba yake ikiinama mmoja mmoja na kuondoka. Baada ya migomba ukala milimau. Hakuna kitu tungeweza kufanya. Kesho yake nilimsalimia kama kawaida, na hakuitika. Nikajaribu tena siku zilizofuata, mpaka Issack akaniambia, "Abaayo, wacha. Roho yake imeuma." Nilikasirika na Issack, nikakasirika na mkandarasi, na nikakasirika na ule ukuta kila nilipouona, jambo lisilo na faida kwa sababu ukuta hausikii.

Maji yalipopungua ndipo tuliona kazi yetu yote. Mto ulikuwa umehama. Mkondo ulijichimbia njia mpya chini ya ukingo wa Suftu na kutulia huko, na mbele ya kisima chetu kukabaki mchanga mtupu, mpana kama uwanja wa mpira. Tuliuzuia mto usitusogelee, nao ukatutii. Kiangazi cha jilaal kilipoingia sawasawa, kisima kikakauka kabisa. Tukachimba mchangani, tukapata maji ya kunawa uso. Ofisi ikaleta maboza, malori ya maji, lakini maboza yanatoka mbali na mji una midomo mingi. Kwenye vibanda foleni za mapipa ya njano zilizunguka nyumba. Mama mmoja aliniuliza, "Mama Bambu, fibi wewe unakunywa?" Vipi kweli? Nikamsaidia kusogeza pipa lake.

Asubuhi moja akanipigia simu Sista Nuria, mkuu wa wodi ya wazazi hospitalini. Nuria hapigi kelele, na hiyo ndiyo sababu watu wanamwogopa. "Hadija," akasema, "tangi langu limebakisha maji ya leo na kesho. Kuna mama wawili wanangoja kufanyiwa upasuaji, mmoja ametoka Bula Hawa na mtoto amelala kombo. Daktari hawezi kushika kisu bila kunawa. Maji yakiisha, nafunga thieta." Nikamwuliza watapelekwa wapi. "Wapi?" akanijibu. "Wewe niambie."

Thieta ndicho chumba cha upasuaji, na hakuna kingine cha namna ile katika miji yote mitatu. Nilijua dawa ya tatizo letu iko wapi. Kila mtu aliijua. Tulikuwa na pampu ndogo ya dizeli ya kubebeka. Ikiwekwa ukingoni Suftu, ikanyonya kwenye mkondo, na paipu nyeusi ya plastiki ikalazwa juu ya mchanga mpaka kisimani kwetu, pampu kubwa zingefanya zilizobaki. Pa kuiweka palikuwa mahali pamoja tu, pale ambapo ukingo umeteremka na maji yana kina, na pale ni kwa Mzee Alio.

Wazee wa mji wakatuma salamu ng'ambo, zikarudi salamu kwamba tukutane siku hiyo hiyo. Mnapaswa kujua desturi ya pale. Mto ukikauka, mazungumzo hayafanyiki kwetu wala kwao, yanafanyika katikati ya mchanga, ili asiwepo mwenyeji wala mgeni. Sisi tunaleta chai ya maziwa, wao wanaleta buni, zile mbichi zenye maganda, zinazokaangwa kwenye samli kwenye bakuli la mti. Bakuli linazunguka, unatafuna chache, unajipaka samli viganjani, na kabla hujafika hapo huna haki ya kukasirika. Askari wa pande zote mbili walishaambiwa, wakakaa mbali na bunduki zao wakitutazama kwa wivu kwa sababu ya chai.

Upande wetu alikuwepo Injinia Feisal, mkuu wetu, kijana wa Wajir aliyekuja baada ya ukuta kujengwa. Alianza kwa Kisomali, kwa adabu. Mzee Alio akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia na kusema kwa lugha yetu: "Nitaongea na huyu. Ofisi siijui, huyu namjua." Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno tangu mafuriko.

"Unataka nini, intala?" akaniuliza, yaani binti.

"Maji, baba. Hospitali kwanza, halafu watu."

"Maji ni ya Mungu, sina uwezo wa kumnyima mtu. Lakini ukingo ni wangu, huo uliobaki. Mliufukuza mto ukaja kwangu. Milimau ile aliipanda baba yangu. Leo mto mlioufukuza mnautaka, na mnautaka kupitia shamba hilo hilo. Pampu yako ikitingisha ukingo mwezi mzima, kitabaki nini mvua ikija?"

Sikujitetea. Nilimwuliza anataka tufanye nini, na akanyoosha bakora kwenye ukuta wetu. "Yale mawe. Yale yale, si mengine. Yaleteni huku yashike ukingo wangu. Hapo pampu yako ikae mpaka mvua, na mimi nitailinda."

Nilimfasiria Feisal, ingawa nadhani alishaelewa. Wazee wetu wakaanza kunung'unika kwamba mali ya serikali haivuki mpaka. Feisal alikuwa amechutama anachora mchangani kwa kijiti: mstari wa ukuta, mshale wa maji, na pale mshale ulipogonga. "Mzee anasema kweli," akasema. "Ukizuia hapa, inagonga pale. Na ukuta wenyewe sasa unalinda mchanga. Lakini kibali cha kubomoa kinatoka Nairobi, na hakitoki kwa siku moja." Akaniinulia macho. "Mama Hadija, hospitali iko na maji mpaka lini?"

"Mpaka kesho."

Akasimama, akajipangusa suruali. "Basi mawe yaanze kuondoka sasa. Barua ya kujieleza nitaandika mimi, na jina litakuwa langu peke yangu. Mtu wa kituo asiulizwe." Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wengine wazuri, wengine wa kuvumilia. Siku ile nilimwombea kijana yule dua kimya kimya, na mpaka leo nikimkumbuka namwombea. Wazee wakaona hakuna la kubishana tena. Fatiha ikasomwa, buni zikamalizika, na Issack akaenda kutafuta koleo za kukatia waya.

Habari zilifika mjini kabla ya Issack. Nilitegemea wafanyakazi wetu na wapita njia wachache. Walikuja wenye bodaboda, walimu wakiongozwa na mume wangu aliyevaa viatu vya Ijumaa, wauza miraa, na akina mama waliobeba mawe kwenye karai. Upande wa mashariki mpaka ulikuwa umefungwa wiki hiyo, lakini mikokoteni ya punda ya Bula Hawa ilitokea ikifuata mchanga wa mto, tupu, bila mapipa. "Bula Hawa pia inakunywa," mmoja wao akamwambia askari, na askari akatazama pembeni kama mtu aliyekumbuka jambo. Tulikata waya, tukashusha mawe, punda wakayavusha, na upande wa pili watu wa Suftu wakayapokea na kuyapanga, huku Feisal akiwaelekeza pa kuanzia. Mzee Alio aliyagusa karibu yote kwa mkono wake.

Na hili nilimalize hapa hapa lisije likanisumbua mbele. Baadaye alikuja mkaguzi kuutafuta ukuta. Nilimwonyesha ng'ambo. Alitazama, akatazama karatasi zake, akatazama tena, kisha akaniuliza kama nina pasipoti. Feisal aliandika barua yake kama alivyosema, akaitwa, akahojiwa, akarudi amekonda kidogo, na yuko kazini mpaka sasa. Mvua zilizofuata Daua haukupata ukuta wa kuugonga kwetu wala shamba la kula kwa Mzee Alio, ukapita katikati na kurudi kwenye kisima chetu. Mto unahitaji nafasi pande zote mbili. Wanangu, mkiletewa mradi unaoishia katikati ya mto, ukataeni kwa heshima.

Asubuhi iliyofuata siku ya mawe, mapema, tulivusha pampu kwenye mkokoteni. Issack akabaki kwetu kwenye pampu kubwa, mimi nikakaa ng'ambo na ile ndogo, kwa hiyo kisheria nilikuwa nje ya nchi nikiwa na spana na chupa ya chai. Tukaunganisha paipu, nikaijaza pampu maji ya kuanzia, nikawasha. Ikanguruma vizuri, na haikutoa hata tone. Nikazima, nikajaza tena, nikawasha tena. Vile vile. Watu walikuwa wamejipanga kwenye kingo zote mbili wakinitazama, na hakuna kitu kinachomtia fundi jasho kama watu wenye kiu waliokaa kimya.

Nikapita na bomba la kunyonya kiungo kwa kiungo, mkono ukiwa umelowa, mpaka nikahisi kwenye kiungo cha tatu ubaridi mwembamba unaovuta kidole. Hewa. Nikafungua, nikakata mkanda wa tyubu ya mkokoteni wenyewe, mwenye punda akilalamika, nikauzungusha na sabuni na kukaza kwa nguvu zangu zote. "Bismillahi," akasema Mzee Alio nyuma yangu. Nikawasha. Sauti ya pampu ilizama, ikawa nzito, na paipu nyeusi juu ya mchanga ikajinyoosha kuelekea nyumbani, urefu wake wote. Kingo zote mbili zikapiga vigelegele.

Lakini kisima kujaa si hospitali kupata maji. Kuna kusukuma, kuna shabu kutulia, kuna klorini, kuna bomba refu la mji lenye mianya yake. Issack alinipigia kwamba kisima kinapanda. Baadaye akanipigia kwamba anafungua njia ya hospitali. Halafu simu ikanyamaza. Jua likapanda. Pampu ya Mzee Alio yenyewe ilikuwa inaguguma pembeni, ikimwagilia vitunguu vichanga alivyopanda kwenye kipande kilichobaki, na hizo mbili zilikuwa zinagombania mkondo ule mwembamba. Niliona maji kwenye bomba langu yakipungua nguvu kidogo kidogo. Nani angethubutu kumwomba zaidi?

Simu ililia, mtandao ukiwa wa kuokoteza. Ilikuwa namba ya Sista Nuria. Niliita jina lake, na hakujibu. Nilisikia maji yakianguka kwenye sinki la bati, mfululizo, na mtu akisugua mikono kwa brashi. Alikuwa ameiweka simu pale daktari anaponawa, akaniacha nisikilize. Nilianza kulia, mtu mzima, mbele ya nchi mbili.

"Anasema nini?" Mzee Alio akauliza.

Nikampa simu. Aliibana sikioni kwa mikono yote miwili, kichwa kimeinama, akasikiliza mpaka sauti ikakatika yenyewe. Akanirudishia. Kisha akatembea mpaka kwenye pampu yake na kuizima, na bomba langu likajaa tena.

Vitunguu vyake vilingoja mpaka alasiri.